Mgongo wa Zaina Niliuvunja kwa Mdomo Wangu

Kosa ni langu, na silisemi kwa kupenda. Mimi ni mwanamke mzee wa Kindu, mashariki ya Kongo, sikuingia darasani hata siku moja, na katika nyumba yangu wanaoomba radhi huwa ni wengine. Leo zamu imenifikia. Anayeyaandika maneno haya ni mjukuu wangu, na ndiye niliyemkosea. Nimemwamuru asilainishe chochote. Naona anatabasamu, kwa hiyo najua hatalainisha.

Nimwite Zaina, maana jina lake halisi nimekwisha kuliaibisha vya kutosha.

Ili mnielewe, lazima niwarudishe kwenye miaka ya vita. Wakati ule watu wenye bunduki na vizibao vya mifuko mingi walikuwa wakiingia uani bila hodi na kuuliza swali moja tu: humu mna watu wangapi wenye nguvu za kufanya kazi? Aliyejibu kwa kiburi kwamba wapo, aliwaona wanawe wakitwishwa masanduku kuelekea Kalima, na wengine hawakurudi. Basi mimi nikaifundisha nyumba yangu ugonjwa. Mume wangu nilimpa kikohozi. Mwanangu Ramazani nilimpa kuchechemea, na alipokosea mguu nilimrudisha mlangoni aanze upya. Kisha mimi mwenyewe nilisimama mbele na kutamka: "Hapa hakuna muntu wa kazi. Wote njo wagonjwa." Hakuna aliyechukuliwa kwangu. Kwa uongo huo sitaomba msamaha, hata nikiulizwa kaburini.

Ninaouungama ni uongo wa juzi.

Siku hiyo tulikuwa na wageni wa heshima. Mzee Amisi, baba mdogo wa kijana anayetaka kumwoa Zaina, alikuwa amekaa barazani kwetu, na kuku wa kufungulia maneno amefungwa miguu kando yake. Zaina alikuwa nyuma ya nyumba, anatwanga sombe, majani ya muhogo, ya kuwalisha. Maneno yalikuwa yakienda vizuri mno, na hilo peke yake lilipaswa kunitisha.

Akaingia kijana aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi, mkononi ana tableti. Alisalimu kwa adabu. Alieleza kwamba nchi inahesabu kazi za watu wake kwa namna ambayo nchi nyingi zimekubaliana. Kwamba hata saa moja ya kuuza mandazi mlangoni katika wiki iliyopita inahesabiwa. Na kwamba shamba la kujilisha lina swali lake la pembeni. Akasema ni kama kopo la kupimia mchele: kila muuzaji akija na kopo lake, soko limekufa.

Nilimwelewa kabisa. Mimi huuza mchele wa Kibombo, na mtu akibonyeza kitako cha kopo lake ili lipime pungufu, humtaja hadharani.

Kisha akaniita koko, yaani bibi, akauliza: "Koko, humu ndani muko na watu wangapi wenye kuweza kufanya kazi?"

Ole wangu! Kizibao, mifuko, na swali lilelile. Mdomo ulitangulia, akili ikabaki nyuma ikitafuta viatu.

"Hapa hakuna muntu wa kazi. Wote njo wagonjwa."

Mume wangu, aliyekuwa akicheka na wageni, akashikwa papo hapo na kikohozi chake cha zamani. Ramazani, ambaye sasa ana mvi, alikuwa anaingia na ndoo ya maji. Akaitua, akaanza kuchechemea, na mguu ulikuwa uleule niliomfundisha. Nakiri kwamba niliona fahari kidogo.

Kijana akauliza habari za msichana wa nyumba. Nikasema mgongo wake umekatika tangu utoto, hawezi kuinua hata kikombe. Nyuma ya nyumba mchi ulikuwa ukigonga kinu, tu, tu, tu.

"Koko, nani anatwanga?"

"Ni upepo," nikasema.

Mzee Amisi akainuka polepole. "Mama, tulikuja kutafuta muke. Hatukukuja kutafuta mugonjwa." Akambeba kuku wake kwapani, akaondoka.

Ndugu zangu, kosa langu liko hapo. Neno moja la kweli lingemrudisha. Lakini kijana alikuwa bado anaandika, nikaogopa kujisahihisha mbele ya kizibao. Nilimtazama kuku akitoka langoni, nikanyamaza. Hofu ilikuwa ya zamani, lakini kunyamaza kulikuwa kwangu, kwa siku ileile.

Zaina hakulia. Alitandika mkeka, akalala. Nilipomwita aje jikoni akajibu bila kuinua kichwa: "Koko, mugongo yangu imekatika. Ni weye ulisema." Nikamgeukia Ramazani kwa ajili ya maji, akachechemea. Mume wangu nilipofungua kinywa tu, akakohoa. Nikachota, nikapika, nikafagia, mzima peke yangu katika nyumba ya wagonjwa niliowafundisha mwenyewe.

Kulipokucha nikajifunga kitenge kizuri, nikaenda kwa Mzee Amisi, upande wetu uleule wa mto. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Langoni nikasimama. Uani alikuwa ameketi kijana yuleyule wa kizibao, na Mzee Amisi alikuwa akimwambia kwa sauti ya msiba:

"Hapa hakuna muntu wa kazi, mwanangu. Sisi wote tunaugua."

Kijana akaonyesha juu ya paa, ambako mchumba wa Zaina alikuwa akipigilia misumari. "Na ule, baba?"

"Ule? Ule ni kipofu."

Na mchumba yule, kwa utii ambao niliuheshimu sana, akafumba macho na kuanza kulipapasa paa akitafuta ngazi.

Mimi sicheki ovyo. Siku hiyo nilishika nguzo ya lango. Mzee Amisi akageuka, akaniona, akajua kwamba nimejua: kumbe vita vilikuwa vimefungua chuo kimoja katika nyumba zetu zote mbili.

Kijana akaweka tableti magotini. "Koko, kila mulango ni wagonjwa. Watu wakisoma hesabu yangu, watasema Kindu yote njo hospitali."

Nikaketi. "Andika upya," nikasema, na kila neno lilikuwa zito kama gunia. "Mugongo ya Zaina ni muzima. Mimi njo nilidanganya." Nikamtajia mchele wangu, migono ya kutegea samaki anayosuka mume wangu, baiskeli ya Ramazani ya kubebea mizigo, na mafuta ya mawese anayouza Zaina. Mzee Amisi alikohoa, kikohozi cha kweli, kisha akapaza sauti: "Fumbua macho, ushuke!"

Posa imerudi. Kuku hakurudi, maana walikuwa wamekwisha kumla, na siwezi kuwalaumu. Naye Zaina alikataa kuinuka mkekani mpaka nikubali kuungama mbele ya wasomaji, kwa kinywa kilekile kilichomvunja.

Wazee wenzangu, sikilizeni. Mtu akija kupima kazi zenu, msibonyeze kitako cha kopo lake. Uongo ule ulituokoa, nami nauheshimu, lakini hakuna aliyeuambia kwamba vita vimetoka uani kwetu. Mimi ndiye niliyepaswa kuuambia.

Zaina akimaliza mstari huu atarudi kwenye kinu. Mtakaopita nje mkasikia mshindo, jueni kwamba si upepo.