Mbwa Aliyelishwa kwa Mwili wa Mwakani

Mtaani wanamwita Fundi Atakua, na jina hilo hakulitafuta. Mzazi anayerudi dukani kulalamika kwamba sare ya mwanawe inaburuta chini hujibiwa neno hilo moja, fundi akiwa hajainua hata macho kutoka kwenye cherehani. Mikono ya shati imefunika vidole? Atakua. Sketi inamzunguka kiunoni kama tairi la baiskeli? Atakua. Na kwa kuwa watoto wana tabia ya kukua kweli, hakuna aliyewahi kumthibitishia kwamba amekosea.

Basi binamu yake, mlinzi wa ghala moja nje ya mji, alipomletea mtoto wa mbwa wa aina ya yale majibwa ya getini, fundi alilitazama suala la chakula kwa jicho lilelile. Mtoto alikuwa amejikunja ndani ya kapu la vipande vya vitambaa.

"Mama yake ana ukubwa gani?" fundi aliuliza.

"Akisimama kwa miguu ya nyuma anakufika begani."

"Anakula kiasi gani?"

"Nani, yule mama? Sufuria."

Fundi akatoka, akanunua sufuria.

Kuanzia hapo mtoto alipikiwa makombo na supu ya mifupa kwa kipimo cha jibwa ambalo lilikuwa bado halijafika. Alikula chote, akalamba pembeni, akaanguka usingizini palepale. Tumbo likajaa kama mto wa kochi. Msemaji rasmi wa tumbo hilo akawa mama yake fundi, anayekaa kutwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa duka. Mama huyu alilea watoto watano katika miaka ambayo sahani zilikuwa nyingi kuliko chakula, na majirani wa wakati huo hawakuwa watu wa kufumba macho wala midomo.

"Mama, huyu mbwa au ndama?" muuza mboga alimtania.

"Kwetu hakuna anayekonda," Mama alijibu, akatengeneza kitenge chake.

Kisha miguu ya mbele ikaanza kupinda. Mtoto akawa anatembea kama mzee aliyeshuka safarini, na siku moja alishindwa kupanda kizingiti cha duka. Alijaribu, akalia, akakaa chini. Fundi alimbeba mpaka kwa daktari wa mifugo, akafika akitweta.

Daktari alikuwa mwanamke kijana asiyependa mizunguko. "Anakula nini?"

"Anakula vizuri sana."

"Sikuuliza kama vizuri. Nini, na kiasi gani?"

Fundi akamweleza habari ya sufuria, tena kwa fahari kidogo. Daktari alimsikiliza akiwa amefumba macho.

"Mzee wangu, unamlisha mbwa wa mwakani. Huyu wa leo mifupa yake bado laini. Mbwa wa aina hii ukimjaza, anakua mbio kuliko miguu inavyoweza kumbeba. Endelea hivyo, utapata mlinzi wa kulala." Akaushika mkono wa fundi, akauweka ubavuni mwa mbwa. "Hapa. Mbavu uzipate kwa vidole bila kuzitafuta, lakini macho yasizione. Ukimtazama kutoka juu, uone kiuno."

"Mbwa awe na kiuno?" aliuliza fundi, mtu anayeishi kwa kuwapa viuno wasio navyo.

"Awe nacho. Punguza hadi nusu, umgawie mara tatu kwa siku. Kila wiki mshike mbavu, ndipo uamue kuongeza au kupunguza. Unaufuata mwili, huutangulii."

"Na miguu?"

"Bado inaweza kunyooka. Atakulilia. Usimsikilize yeye, nisikilize mimi."

Alilia kweli. Alilia mbele ya bakuli tupu, alilia chini ya meza ya kukatia, alilia kwa ufundi wa hali ya juu kila mteja alipoingia.

"Huyo mbwa analia," alisema Mama.

"Namsikia, Mama."

"Analia njaa. Mlangoni kwangu."

"Daktari kasema."

"Nyinyi mlilia hivyohivyo, nami sikuwa nacho. Wewe unacho."

Fundi alikanyaga pedali ya cherehani akashona mshono mrefu ambao baadaye ilibidi aufumue.

Akashika mbavu kila wiki, akizipapasa kama anayekagua kitambaa, akaongeza kijiko hapa, akapunguza pale. Tumbo likapotea. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti: "Jirani, biashara mbaya? Naona hata mbwa kafunga mkanda!" Mama akanyanyuka, akageuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta.

Ndiyo maana hakuona mwanzo wa jambo lenyewe. Alisikia kucha kwenye saruji, akageuka, akamwona mbwa amesimama juu ya kizingiti, miguu ya mbele imenyooka, kisha anaruka kushuka na kufukuza baiskeli ya muuza mkate.

"Kapanda!" alipiga kelele. "Kapanda mwenyewe!" Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wanapita, akashusha sauti. "Lakini mwone. Kama nyigu."

"Ndivyo anavyotakiwa, Mama."

"Utamsimamisha kila mpita njia umweleze ya daktari?" Akafikiri. "Mshonee kitu. Kimfunike hapa katikati."

Fundi, ambaye alikuwa ameshinda vita moja na hakuwa na nguvu ya kuanza nyingine, akashona. Mbwa akaonekana mtaani ndani ya koti la kitambaa cha pazia, lenye maua. Fundi viatu alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Wanatucheka, Mama."

"Waseme tuna wazimu. Wasiseme tu kwamba kwetu hakuna chakula."

Akageuza kiti chake kikaelekea barabarani. Fundi alipopita na bakuli la mchana la mbwa, Mama alilidai, akalichungulia, akalitikisa kama anayetafuta kilichojificha chini, kisha akampelekea mbwa bila kuongeza chochote.