Gaju Imesimama

"Béata, unajua ule muzee wa nyuma ya nyumba yako anaongeaka na ng'ombe kwa telefone?"

Mama Élodie alisema hivyo huku akipanga makala yake ya kupikia kwenye visahani, kila kisahani kikibeba kilima chake cheusi. "Kweli kabisa! Mi mwenyewe sina yunite kwa telefone ya kuitia bwana yangu kule Butembo, na ye anaita ng'ombe. Na ng'ombe inaitika!"

Wanawake waliokuwa wakingoja makala wakacheka. Mmoja akauliza kama huyo ng'ombe anaitika kwa Kinyarwanda au kwa Kifaransa. Béata naye alicheka kidogo, akakaza kitenge kilichomfunga mwanawe Umuhire mgongoni. Ni yeye aliyekuwa akimpigia muzee ile telefone. Na ng'ombe, kusema kweli, alikuwa akijibu kwa Kifaransa.

Muzee Hitimana alikuwa mtu wa Kibati, kule chini ya mlima wa moto. Mwaka ule volkano ilipotapika, watu walikimbia na ng'ombe wakatawanyika. Wengine waliingia wenyewe kwenye moto kwa kufuata njia waliyoizoea. Baada ya msiba huo, chama cha wafugaji kikaleta kola za shingoni, kila moja ina kadi ya simu ndani na kioo kidogo cha kunywa jua. Muzee alipewa moja tu. Akaifunga kwa Gaju, ng'ombe wake wa rangi ya asali, kwa sababu Gaju ndiye aliyekuwa akitangulia na wengine wote wakimfuata. Kola ile hujua mahali ilipo, na ikipata mtandao inatuma ujumbe: ng'ombe yuko wapi, na kama anatembea. Tena ukiipigia, inajifungua yenyewe, unasikia kilicho karibu nayo.

"Lakini ni nyinyi mutasikia," fundi wa chama aliwaambia. "Kule hakuna atakayewasikia."

Kisha waasi wakashika barabara. Muzee akashuka na watu wengine, goti lake bovu likimchelewesha, mpaka huku kambini Lac Vert, kwenye kijumba cha mbao juu ya mawe meusi. Mwanawe Harelimana, aliyebaki peke yake katika watoto wake, alikataa kuacha mifugo. "Papa, tangulia," alimwambia. "Mi nitaipitisha kule juu kwenye majani, tutakutana." Simu ya Harelimana ilinyamaza juma lile lile. Kola haikunyamaza. Basi alipo Gaju ndipo alipo Harelimana. Huo ndio uzi uliobaki kati ya baba na mwana, na uzi wenyewe umefungwa kwenye shingo ya ng'ombe.

Béata alikuwa amemaliza shule ya msingi, na mbele ya mlango wake kulikuwa na kipande cha sola alichoachiwa na mumewe alipokwenda kutafuta kazi. Muzee alileta telefone kuchajiwa, na alipokuja kuichukua, Béata alimsomea ujumbe wa kola, uliokuja kwa Kifaransa.

"En mouvement," alisoma. "Inatembea, muzee."

"Inatembea!" Muzee akapiga goti lake zima. "Ng'ombe haitembeake bure, mama. Iko mutu nyuma yake."

Jioni moja walipiga. Sikio la muzee lilikuwa zito, lakini alibandika telefone hapo hapo, na Béata akaegemeza kichwa karibu. Walisikia majani yakikatwa kwa meno, kra, kra, na pumzi nzito kama ya mtu aliyeshiba. Halafu kwa mbali ukaja mluzi: ulianzia chini, ukapanda, ukapanda tena, ukakatika ghafla kama kamba.

"Ni ye," muzee alisema. "Ule mluzi nilimufundisha mi, wakati ningali na meno."

Mluzi huo ulimkaa Béata kichwani. Siku moja alikuwa amemchuchumaza mtoto nje ili akojoe, akaanza kumpigia mluzi mdogo, kama wanavyofanya akina mama wengine, na bila kujua akaupiga ule ule wa Harelimana, tangu mwanzo mpaka pale unapokatika. Muzee akakohoa kwa nguvu nyuma ya ukuta wa mbao.

"Mama Umuhire! Mwanamke hapigake mluzi! Unataka kuita nini mu nyumba?"

Béata akaziba mdomo. Bibi yake, kule Masisi, alishawahi kumchapa mwiko kwa kosa hilo hilo.

Kisha likaja lile neno. Ujumbe ulisema: Kiwanja. Immobile.

Béata aliusoma kimya, mara mbili. Kiwanja ni mji wa soko. Ng'ombe wanaofikishwa soko la huko si wote wanaotoka. Na hilo immobile, mwalimu wao alilitumia kwa watoto: kaa hivyo, usitikisike. Alitafuta namna ya kulisema, ulimi ukachagua njia laini.

"Iko Kiwanja. Imesimama, muzee."

"Imesimama!" Uso wa muzee ukafunguka. "Mungu asifiwe. Ng'ombe yenye kufa inalalaka. Yenye kusimama iko na nguvu. Na Kiwanja kuko chumvi, Harelimana ameipeleka kulamba chumvi."

Béata alitaka kulirudisha lile neno, alinyooshe. Mtoto akaanza kulia. Alipomaliza kumnyonyesha, muzee alikuwa ameshafika kwenye bomba la maji akiwatangazia watu.

Kesho yake, immobile. Na siku zilizofuata, immobile. Béata aliendelea kusema imesimama, kwa sababu alishaanza hivyo, na kila mara neno lilikuwa zito zaidi kutoka. Mama Élodie akapata la kuchekea: "Huyo Gaju amekuwa polisi wa barabara? Kazi kusimama tu! Muulizeni kama ameshakula feza za wenye pikipiki!"

Muzee hakucheka. Asubuhi moja alikuja akakaa kwenye jiwe, telefone mkononi.

"Mama, niambie. Ni ng'ombe gani inasimama hivi? Haichoki, hailali, haisogei hata kwa maji?"

Béata akapokea telefone.

"Piga," muzee akasema. "Sikiliza wewe. Sikio langu linanidanganya."

Akapiga. Ililia kwa muda mrefu, ikafunguka. Huku Lac Vert jua lilikuwa linawaka, lakini kule kulikuwa na mvua, mvua ya kupiga mabati. Chungu au sufuria ikagongana na kitu. Wanaume wakacheka, na mmoja akasema karibu kabisa, kana kwamba anasema na Béata: "Huo mkanda usitupe. Tutafungia mbuzi." Halafu mtandao ukakata.

"Umesikia nini?"

"Mvua," Béata akajibu. Na ilikuwa kweli.

"Mvua juu ya majani?"

"Mvua, muzee."

Muzee akamtazama. Maisha yake yote alikuwa ameishi na watu wanaoleta habari mbaya za ng'ombe wa wengine. Alijua sauti yao. Habari ya Gaju hakuiuliza tena.

"Na mluzi?"

"Mluzi sikuusikia."

"Njo vile." Akatikisa kichwa taratibu. "Labda anangoja aitwe kwanza. Mutoto wangu njo vile alivyo, anaitikaka."

Akaweka vidole viwili mdomoni, akapuliza. Ukatoka upepo mtupu. Akapuliza tena, mate yakamrukia kidevuni, akayafuta kwa mkono wa koti. Béata alitaka kumkumbusha maneno ya yule fundi, aliyomsimulia mwenyewe: kule hakuna atakayewasikia.

Lakini muzee akaushika mkono wake wenye telefone, akavifunga vidole vya Béata juu yake kwa mikono yake miwili.

"Mama Umuhire, mi nilikukataza, ninajua. Lakini ule wake unaujua, nilikusikia. Piga tena. Ikifunguka, umupigie mluzi. Uanzie chini, upande, ukate. Wewe uko na meno."