Dagaa Mguuni kwa Mama Mkwe

Jamani, mimi ndiye yule mkwe wa aibu ya dagaa hospitalini, na kama mlisimuliwa vingine, mlidanganywa.

Mama mkwe wangu alikuwa na kidonda kwenye muundi, kimetunga usaha, kimemtesa miaka. Tukamtoa kijijini kwake Busi tukamleta kwetu Mkonze, hapa Dodoma, maana hospitali moja ya mjini walikuwa wanafanyia utafiti dawa mpya ya kupaka, ukikubali kushiriki unatibiwa na kila wiki wanakupima kidonda na kukipiga picha. Sharti lao kubwa, usipake kitu kingine chochote. Na kidonda kikaanza kukauka kwelikweli, mama akawa analala bila kuguna, hata ufagio akaanza kuninyang'anya.

Sasa asubuhi ya kwenda kupimwa, upepo wa Dodoma mnaujua, nikamwona miguu imepauka kama katoka mashineni kusaga. Nikawaza, manesi wakimwona hivi si watasema hana mkwe? Mafuta ya kupaka yameisha (ningeomba kwa jirani, lakini kiburi), nikachota ya alizeti yaliyobaki kwenye kikaango.

"Mwanangu, si walikataza?" mama akauliza.

"Walikataza dawa, mama. Haya ni mafuta ya kula."

Nilitaka kukizunguka kidonda tu, lakini mkono wenye haraka ndio huo, yakachuruzika mpaka ndani ya bandeji. Na kikaango chenyewe jana yake kilikaanga dagaa.

Kwenye benchi akaja nzi mmoja, wakaja wenzake, watu wakaanza kusogea, mimi napunga khanga najifanya nasikia joto. Kuingia ndani, nesi hajaivuta vizuri bandeji ikateleza yenyewe, ikatua juu ya kiatu cha daktari. Nesi akanusa, akasema taratibu kwamba hapa kuna dagaa. Mlango ulikuwa wazi, benchi zima likaangua kicheko.

Daktari hakucheka. Akauliza kwa upole nani kapaka, na mimi na akili zangu nikajibu labda ni jasho (jasho, jamani!), wakacheka upya. Akatueleza kwamba sasa hawezi kujua kipi kimefanywa na dawa na kipi na mafuta, kwa hiyo mama anatoka kwenye utafiti, atapewa dawa za kawaida. Akauliza tena ni nani, ili amwelekeze.

Mama akaniangalia kidogo, kisha akamgeukia.

"Nilijipaka mwenyewe, baba. Uzee huu."

Na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kuliko nzi, kuliko kicheko.

Dawa za kawaida zinakwenda polepole. Mama alirudi Busi kuvuna, na akipiga simu anauliza watoto wamekula nini, la mguu hagusi. Kumbe majirani zake wanamtania kwamba kajikaanga mwenyewe, naye anacheka nao.

Nimejiapiza, nikiambiwa usipake, sipaki, tupauke ukoo mzima. Na Idi hii naenda Busi, nitasema mbele ya hao majirani kwamba ni mimi. Mume wangu ananiambia niachane nayo, yameshapita. Yamepita wapi, na mama bado anachechemea?