Ruta ya Bongo Mbili

Mke wangu Drusilla akianza kuzunguka nyumba na kikombe cha chai asichokinywa, najua kuna mashine inamsumbua. Wanawake wengine hapa Kiogoro husumbuliwa na mawifi. Wangu anasumbuliwa na ruta! Ndiye fundi mkuu wa kampuni ya Gulled pale mjini Kisii, ile inayosambaza intaneti hadi Nyamira. Intaneti ya kila mteja inapita kwenye ruta moja kubwa. Ikilala, shule, maduka na zahanati zinalala nayo.

Ya zamani ililala siku ya Sabato, tukiwa mtoni kwa ubatizo wa binti yetu Celestine. Drusilla aliondoka mbio, viatu mkononi. Mtoto akagoma kuingia majini bila mama yake, pasta akaahirisha. Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia, "Mama Celestine, ukitoroka tena, mimi mwenyewe nitakubatiza, wewe na hiyo simu yako."

Kwa hiyo Gulled alipokubali kununua ruta mpya, mimi nilikuwa na hamu kumshinda. Baada ya kuchuja sana zilibaki mbili. Moja ilikuwa na kasi ya ajabu, lakini kadi ya kuiongoza, yaani ubongo wake, ilikuwa moja tu. Ikifa, kwisha. Ya pili ilikuwa ya polepole kidogo na nzito kama ng'ombe, ila ilikuwa na bongo mbili: mmoja ukizimika, mwingine unashika usukani.

Gulled alitaka kasi. "Dada Drusilla, mteja haoni ubongo. Mteja anaona kasi."

Drusilla hakutulia. Alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Akafikia hata kuniuliza mimi, mkulima wa majani chai! Nikamjibu, "Chagua ile itakayokuacha uje kanisani." Akacheka.

Siku ya majaribio nilijifanya napeleka ndizi ofisini ili nishuhudie. Gulled alikuwa anaongea kwa video na dada yake Firdaus aliye Eldoret, intaneti ikipitia ile nzito. Drusilla hakuomba ruhusa. Alishika kadi moja, akaing'oa.

"Wallahi, unafanya nini?" Gulled akaruka.

Firdaus aliendelea kulalamikia majirani zake, halikukatika hata neno moja. Wakahamia ile ya kasi. Drusilla akang'oa ile kadi yake moja, Firdaus akaganda, mdomo wazi. Gulled akacheka mpaka akakaa chini. "Haya basi, nzito ije."

Wakakubaliana kwamba siku za Sabato Gulled mwenyewe atakaa ofisini. Ubongo mmoja ukifa, ruta itamtumia Drusilla ujumbe tu. Gulled atapiga simu pale tu zote mbili zitakapokufa.

Ubatizo ulipowadia, Drusilla alinikabidhi simu pale mtoni. "Kaa nayo, Baba Celestine. Leo ni siku ya mtoto." Jamani, nilikaribia kulia kwa furaha.

Pasta Ogeto alikuwa ameshamshika Celestine majini, mkono mmoja juu, simu ilipotetemeka mfukoni mwangu. Mara moja tu. Nikachungulia: ubongo mmoja umezimika, mwingine umeshika kazi. Imefaulu! Nikainua macho nimwonyeshe Drusilla dole gumba. Kumbe yeye alikuwa ananitazama kitambo, ametoa macho, anasubiri kama itatetemeka tena. Nyuma yake kwaya ikaanza kuimba.

Celestine akatoka majini akichuruzika, akaja moja kwa moja kwa mama yake. "Mama, umeniona?"

Drusilla hajui kusema uongo, sembuse siku ya Sabato. "Sikukuona, mwanangu. Nilikuwa naangalia mfuko wa baba yako."

Mtoto akageuka, meno yakimgongana kwa baridi. "Pasta, tunaweza kurudia?"

"Ubatizo ni mmoja, binti yangu," pasta akasema, akamfunika taulo.