Mvuvi wa Mshipi na Sisi Waponda Makumbi

Sisi tunaoponda makumbi ya nazi ukingoni mwa mto Pangani tunamjua mvuvi wa mshipi kwa kikohozi chake. Hukohoa mara mbili kabla hajashuka, kisha huuliza, "Dada zangu, leo nikae wapi nisiwakere?" Vidole vyake vimejaa makovu ya mshipi. Ndoana huzichomeka kwenye kizibo zisije zikamchoma mtu mguu, na mtumbwi ukikaribia hukunja mshipi hata samaki wakiwa wanadonoa. Jumanne iliyopita kolekole mkubwa alinasa, akaukokota mshipi hadi katikati ya mto. Papo hapo ukaja mtumbwi kutoka ng'ambo, umembeba mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, na mshipi umewakatizia njia.

"Kata!" alipiga kelele mpiga kasia.

Hakukata. Alijitosa mpaka kifuani, akauzamisha mshipi kwa mikono miwili, damu ikimtoka vidoleni. "Piteni juu yake! Msisimame!" Samaki akaanza kumvuta. Mwenzetu Mwamvua akarukia majini akamdaka mkanda, nami nikamdaka Mwamvua. Mtumbwi ukateleza juu ya mshipi, ukafika ukingoni salama. Ndipo tukamvuta yeye, naye akamvuta kolekole, hadi sote tukaangukia matopeni tukicheka.

Kabla ya adhuhuri habari ikaja kutoka hospitali: mtoto wa kike, na mama mzima. Mvuvi akajitwika kolekole begani. "Twendeni," alisema, "mzazi anataka mchuzi." Tukapita mji mzima tukipiga vigelegele, yeye mbele, amelowa chepechepe.