Dalila na moshi wa udi uliowafungia Waswahili hoteli

Saa nne asubuhi, Guangzhou. Dalila Murshid anapiga kaunta ya mapokezi kwa kiganja, mara moja tu, na ukumbi mzima wa hoteli unageuka kumtazama.

"Meiyou," anarudia mwanamke wa mapokezi. Hakuna vyumba.

"Mbona hata kompyuta hujafungua?" Dalila anamuuliza kwa Kichina. Kisha anawageukia wanawake sita waliokalia masanduku yao nyuma yake. "Anasema vyumba hakuna. Mwongo huyu! Vyumba vitatu nilithibitishiwa miezi miwili iliyopita, karatasi hii hapa."

Wanawake hao ni wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Kwa siku tano Dalila amewazungusha kwenye viwanda vya jinzi vya Xintang na maduka ya Dengfeng, akiwatafsiria bei na kuwalaza vyumba vya bei poa pembeni mwa barabara ya Huanshi. Siku mbili za mwisho ni za kupumzika, na huwaleta hapa, kwenye hoteli yenye karibu miaka tisini ambayo Waswahili wa mji huu wameibatiza Ngazi Kuu, kwa ajili ya ngazi zake pana za mbao.

Hiyo ndiyo kazi yake. Dalila ana miaka 43, mzaliwa wa Kikwajuni, Zanzibar. Maajenti Guangzhou wamejaa, lakini wa kumlaza mama muuza vitenge chini ya picha za wafanyabiashara wa kale, waliofika hapa na masanduku yao kutoka mbali, ni yeye. Kundi moja humwachia yuan 1,800. Kwa mwezi hupata makundi mawili, akijaliwa matatu. Bila Ngazi Kuu atabaki mkalimani kama wakalimani wengine.

"Watu wetu wakija China wanalala wanne wanne, wanapika wali chumbani, mizigo mpaka mlangoni," anasema. "Nikasema basi. Mtu kahangaika mwaka mzima, angalau usiku mbili alale kama mtu."

Wiki tatu zilizopita mgeni wa Dalila alikuwa chumba 304. Udi ukachomwa. King'ora cha moto kikalia, na wageni wa ghorofa nne wakashuka mbio, wengine na taulo. Tangu siku hiyo, pasipoti ya Tanzania ikiwekwa kaunta, jibu ni hilo hilo.

"Sasa udi na mimi wapi na wapi?" anafoka Bi Gaudiosa, 58, ambaye aliweka akiba miaka miwili ili alale hapa. "Mimi Mkatoliki! Ubani nauona kanisani. Nimekuja na rozari, sikuja na chetezo."

Wenzake wanacheka. Dalila hacheki.

Anakumbuka mwaka jana alipowapeleka wageni wanne Japani, kutazama magari yaliyotumika. Walilala hoteli kongwe mjini Kobe, nayo imejaa mbao. Mama wa mapokezi aliwauliza majina yao, mmoja mmoja, akayarudia mpaka yakamkaa mdomoni. Walipomweleza habari za udi, hakukunja uso. Aliwaonyesha ua wa nyuma wenye sakafu ya mawe, wakafukiza huko.

"Kumbe hata wao wana ubani wao," anasema Dalila. "Huyu wa hapa, namletea wageni mwaka wa sita huu!"

Namuuliza ni nani aliyechoma udi 304. Anakunja karatasi yake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mimi."

Mgeni wake, Bi Kauthar, alikuwa amepigiwa simu kutoka Unguja: binti yake kajifungua mtoto wa kiume. Mzazi na mtoto hufukizwa, na bibi mtu yuko Guangzhou. Basi wakawasha video, wakaiegemeza simu kwenye birika, Dalila akatia udi kwenye kaa na kukielekeza chetezo kwenye uso wa kichanga.

"Tulikuwa tunamfukiza mjukuu kwa simu, mwandishi. Ujinga gani huo? Kipande kimoja tu, lakini jengo la mbao, nami nalijua kuliko mtu yeyote. Hasira yao ya moshi ninaikubali."

Asiyoikubali ni nyingine. Siku ile ile alimfuata laoban, yaani bosi wa hoteli, akaandika kwa mkono wake kwamba kosa ni lake, akaweka jina, sahihi na namba ya pasipoti. Akaomba afungiwe yeye, wageni wake waachwe.

"Karatasi hakuisoma. Akaniambia hawezi kututofautisha, kwake sisi wote ni wamoja."

Saa sita laoban mwenyewe anashuka ngazi, anatikisa kichwa na kupanda tena. Bi Gaudiosa anainuka, anapangusa sanduku lake kwa upande wa khanga. "Twende, mwanangu. Tusijidhalilishe."

Dalila anasimamisha teksi mbili za kuwarudisha Xiaobei, kwenye vile vyumba vya bei poa. Anasema kesho atarudi, na kesho kutwa, na pasipoti sita mkononi, akiyasoma majina kwa sauti mbele ya kaunta.

"Nataka waandike kwenye kompyuta yao: Dalila Murshid, marufuku," anasema. "Wanifungie mimi, kwa jina langu, mpaka nife. Halafu Bi Gaudiosa apande zile ngazi, akalale."