Gavana wa Ladywood

"Unatuua kwa njaa, Ussi!" Mwanamize alisimama, kanga ikamteleza begani juu ya koti. "Miaka minane umekaa kwenye kiti hicho, na miaka minane sisi tunakula pilau ya Jairus. Inanata! Mtu akitaka gundi ya kubandikia karatasi ukutani, achukue pilau ile!"

Ukumbi mzima, pale mtaani Ladywood, ukaangua kicheko. Jairus mwenyewe, aproni kiunoni, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Ni ukweli, mama. Mimi kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Kwani nani aliniambia nipike?"

Aliyemwambia ni Ussi. Sheria ya chama ilisema mwenyekiti hashiki mwiko, na sheria hiyo aliitunga Ussi huyo huyo.

Na mpishi alikuwa yeye! Mtu wa Makunduchi, kaanza kupika melini, kashukia Marekani, kaangukia jikoni kwa gavana wa jimbo moja huko ndani kabisa, mahindi matupu mpaka macho yanachoka. Miaka sita alimkaangia mayai. Alipohamia Uingereza, hapa Birmingham, akapata kazi ya kufagia kiwanda cha mabomba kule Saltley, na kilichomfanya aonekane mtu ni hadithi za gavana. Jumapili watu walimzunguka: gavana alivyoanza kwa kuuza viatu mlango kwa mlango, alivyoshindwa uchaguzi mara mbili, wa tatu akapita; alivyomsamehe mfungwa kwa saini moja huku anakunywa kahawa; alivyowarudishia wabunge sheria yao kama shati lisilomtosha.

Basi mwaka sitini na tisa, Wazenji na Wakenya walipounda chama cha kusaidiana harusini na misibani, mwenyekiti angekuwa nani mwingine? Wakamwita Gavana. Naye akakaa kigavana hasa. Aliyekosa kufika mazishini alisamehewa kwa saini. Hoja asiyoipenda aliirudisha. Mwiko akauweka chini, maana gavana hapiki.

Sasa ni sabini na saba, Jumamosi, na Kemunto, binti wa mmoja wa wanachama, anaolewa. Wageni wanatoka kanisani saa kumi, wanakuja kula hapa hapa. Kabla hawajafika, chama kichague.

Peninah, nesi, ndiye aliyesimama kugombea. Alifungua daftari la sheria.

"Mzee Ussi, si ni wewe uliandika? Vipindi viwili, miaka minne minne, halafu mtu anaaga. Ati ndivyo wanafanya kule kwa gavana wako."

"Kipindi cha kwanza hakihesabiwi," Ussi akasema. "Tulikuwa watu tisa tu."

"Ala! Kwani tisa si watu?" Mwanamize akadakia. "Mimi nilikuwa wa tatu. Nilikuwa nini, kiti?"

Wakacheka tena. Ussi hakucheka. Kiwandani, Gurnam msimamizi humnyooshea kidole yeye, kisha ufagio, hata jina hamwiti. Siku saba za wiki, ni humu ukumbini tu anapoitwa Gavana. Leo akitoka kwenye kiti hiki, Jumatatu atakuwa nani?

"Hebu tuambie, mzee," Peninah akasema kwa upole. "Siku yake ya mwisho, huyo gavana alifanya nini? Hiyo hujatusimulia hata siku moja."

Kweli, hajawahi. Aliiogopa. Akakuna shingo.

"Alikuja jikoni asubuhi, hana tai. Akaniambia, nionyeshe kisu kilipo. Akamenya viazi, tena vibaya, kiazi kikubwa kinatoka kidogo kama tende. Huku anapiga mluzi. Wallahi, miaka sita sikumwona na furaha kama ile."

Mara pua ya Ussi ikashtuka. Vitunguu, na vimeshapita kahawia.

"Jairus! Umeacha moto?"

"Mungu wangu!" Jairus akatoka mbio.

Ussi alishavua koti, akalitundika kwenye kiti cha mwenyekiti, anakunja mikono ya shati.

"Yakhe, tunapiga kura!" Mwanamize akamwita. "Unamchagua nani?"

"Peninah, nani tena!" Akanyoosha mkono bila kugeuka, yuko mlangoni tayari. "Na Kemunto hali gundi siku ya harusi yake. Jairus! Kisu kiko wapi?"